Rufaa Juu ya Nyumba Ambayo Siku Ile Haikuwa Yangu Yote

Ndeti Mwau,
Fundi wa Nguo,
Ploti Nambari 47,
Soko la Kwa Nthenge.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Rufaa za Kodi ya Majengo,
Mji wa Kwa Nthenge na Yaluma.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: NYUMBA YANGU KUPANDISHWA DARAJA BILA KOSA LOLOTE

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa umekwisha kunywa chai, maana mambo yaliyomo hayafai kusomwa na mtu mwenye njaa.

Mimi ni fundi wa nguo hapa sokoni. Ikiwa una mtoto katika shule yoyote ya karibu, basi kaptura yake huenda ilipitia mikononi mwangu, na kama ilipasuka mapema, hilo tutalizungumza siku nyingine. Sijawahi kukosana na serikali. Hata siku ile ilipotangazwa kwamba soko letu na soko la Yaluma kule mlimani yameunganishwa yakawa mji mmoja, mimi nilikuwa mstari wa pili nikipiga makofi. Sikujua kwamba napigia makofi kodi.

Jumatatu iliyopita orodha ya thamani ya nyumba ilibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi yenu. Nilianza kuisoma kutoka chini, kwa sababu huko ndiko ninakokaa siku zote katika orodha za watu wenye mali. Sikujikuta. Nikapanda pole pole, nikipita wauza mboga, kinyozi, mwalimu mkuu na mwenye bucha, mpaka nikafika juu kabisa. Daraja la Kwanza, Makao ya Kifahari: Ndeti Mwau. Aliyenifuata ni kituo cha petroli. Watu waliokuwa pale ubaoni waliniangalia viatu, nami nikaviangalia pia.

Kodi ya mwaka mmoja niliyoandikiwa inashinda bei ya cherehani yangu, na cherehani ndiyo inayotulisha mimi na mke wangu Kalunde, ambaye humu nitamwita Mama Mutanu kama anavyoitwa na watu wote. Nikilipa kodi itabidi niuze cherehani. Nikiuza cherehani, mwaka ujao sitakuwa na cha kulipa. Nimeipiga hesabu hii mara tatu na kila mara inaishia hapo hapo.

Kabla sijaingia ndani, nakuomba jambo moja kwa unyenyekevu. Barua hii ibaki kati yangu na wewe. Binti yetu Mutanu ataolewa Desemba na kijana wa mzee Kilonzo wa Yaluma. Kilonzo na mkewe Nzisa ni watu wenye mali na heshima zao, na wanaamini kwamba sisi pia hatuko nyuma. Wakisoma yaliyo humu, sijui kama watarudi. Kwa hivyo isome, uielewe, kisha uifungie kabatini. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mthamini wako alikuja siku ambayo nyumba ya Mkamba haipaswi kuthaminiwa. Ilikuwa Jumamosi ya ntheo. Pengine wewe si mtu wa huku, basi nikueleze. Ntheo ni wale mbuzi watatu ambao upande wa mvulana huleta nyumbani kwa msichana, na bila hao, hata mkifanya harusi yenye keki ya ghorofa tano, wazee watasema msichana bado yuko kwa babake. Siku hiyo wageni hawaji kuleta mbuzi tu. Wanakuja kuangalia binti anatoka katika nyumba ya namna gani. Na huku kwetu mwenye binti haachwi apate aibu peke yake. Kila jirani huleta alicho nacho, na siku ikipita kila mtu huchukua chake. Leo kwangu, kesho kwako. Meza yangu mimi imeshahudhuria ntheo nne ambazo hata sikualikwa.

2. Mthamini wako hakusema yeye ni nani. Kusema haki, sisi pia hatukumwuliza. Mgeni haulizwi ametoka wapi kabla hajala, na huyu alipomaliza kula alikuwa pia amemaliza kuandika. Lakini tulikuwa na sababu nyingine. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, mimi, Mama Mutanu na dada yangu Kaluki tulikwenda Yaluma kuona boma la Kilonzo, ili tujue binti yetu anaingia wapi. Kijana huyu huyu alikuwa hapo. Alikuwa ameketi karibu na supu, amefunga tai, tableti mapajani, anachungulia kila pembe, na hakuna mtu aliyemfukuza. Tukajua ni mtu wao, labda mpwa aliyesoma. Sasa alipoteremka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yangu saa nne asubuhi, saa mbili nzima kabla ya wakwe kufika, tungefikiri nini? Kaluki alinivuta kando akaniambia, "Huyu ndiye macho yao. Muonyeshe kila kitu."

Nikamuonyesha kila kitu. Naomba kamati ichunguze kama kijana huyu ana ujamaa na Kilonzo, na kama anao, ni kwa nini mtu aliruhusiwa kuthamini nyumba ya wakwe zake.

3. Majibu aliyopewa hayakuwa majibu ya kodi. Yalikuwa majibu ya ndoa, na hayo mawili hupimwa kwa vipimo tofauti. Alipouliza nyumba ina vyumba vingapi, Kaluki alisema ni saba na vingine viko njiani. Vyumba ni vitatu. Vile vinne ni vya jirani yangu Kanyiva, ambaye ana nyumba za kupangisha zilizoshikana na ukuta wangu, na Kaluki alipoanza kuonyesha kwa mkono, mkono haukusimama mahali pa kusimama. Alipouliza shamba linafika wapi, mimi mwenyewe nilinyoosha kidole upande wa milima ya Kilungu. Akaandika. Mheshimiwa, siku ya ntheo mtu akinyoosha kidole milimani haonyeshi mpaka, ana furaha tu. Alipouliza kama mifugo ni ile tu anayoiona, nilimwambia hao ni wa hapa karibu, wengine wako Kibwezi. Kule Kibwezi sina hata kifaranga.

Matokeo yake ni kwamba Kanyiva, mwenye nyumba nne za kupangisha, ameandikwa kwamba ana choo. Amekuja kwangu mara mbili wiki hii, mara ya kwanza akiwa na kilo mbili za sukari, kunisihi nisikate rufaa. Anasema ujirani ni kuvumiliana.

4. Vitu vilivyoorodheshwa kama vyangu vina wenyewe, nami nitawataja ili ujue sifichi.

Tanki la lita elfu kumi ni la chama cha akina mama, na tanki hilo huzunguka. Lilibiringishwa Alhamisi kutoka kwa Ndunge, mmoja wao, na Jumatatu likabiringishwa kurudi kwa Ndunge. Ndani halikuwa na tone. Nzisa alipoligonga kwa kidole likalia kama ngoma, na Mama Mutanu akasema limetoka kuoshwa.

Geti la chuma ni la Kaluki. Tulilifunga kwa waya kwenye miti miwili. Hakuna ua wowote kulia wala kushoto kwake, kwa hivyo mtu angeweza kuingia popote alipotaka, lakini wageni wote walipitia getini kwa heshima, na mthamini wako hata alibisha hodi.

Sola iliyo juu ya mabati ni ya kinyozi. Ilishikiliwa na mawe mawili, na waya wake ukaingizwa dirishani ukafungwa kwenye mguu wa kitanda. Viti hamsini ni vya kanisa letu, na ndiyo maana vyote vilikuwa vimeegemezwa ukutani, kwa sababu jina la kanisa limeandikwa nyuma. Rangi nayo ilibaki kanisa lilipopakwa, debe moja, ikatosha ukuta wa mbele na robo ya pembe. Kama mthamini angezunguka nyuma, angekuta matofali vile yalivyotoka kwenye tanuru. Hakuzunguka kwa sababu Kaluki alikuwa amesimama njiani na sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, na hakuna mtu mwenye akili anayepita sufuria ya muthokoi ya Kaluki.

5. Ng'ombe ninawapa nambari yao peke yao, kwa sababu wanastahili. Ng'ombe wale kumi na mmoja ni wa Gabow. Huyu ni mfanyabiashara wa mifugo aliyetoka upande wa Garissa, na mkewe Shamso ndiye mwenye duka ninakonunua nyuzi. Wanyama wake hupumzika kwangu wakielekea mnadani, na yeye ni rafiki yangu wa miaka tisa. Nilipomwomba waongeze siku moja, alikubali bila kuuliza kitu, na asubuhi nikamkuta anawaosha. Kati yao kuna fahali mmoja mwekundu, pembe ya kushoto imevunjika, ana doa jeupe kifuani. Mthamini wako alimpiga picha tatu.

Ajabu ni kwamba kule kwa Kilonzo tulikuwa tumeona fahali wa namna hiyo hiyo. Mwekundu, pembe ya kushoto imevunjika, doa kifuani. Nilipomweleza Gabow kwamba kuna mtu Yaluma mwenye fahali pacha wa wake, alitikisa kichwa, akasema Mungu ni mkubwa, akaomba aongezewe chai. Na Kilonzo mwenyewe siku ya ntheo alisimama mbele ya fahali huyo kwa muda mrefu, akamkuna kichwani kama wanaojuana, kisha akanigeukia akanipongeza kwa mifugo mizuri. Nalitaja hili ili uone Kilonzo ni mtu wa kiwango gani. Mwenye mali husifu mali ya mwenzake bila wivu.

6. Kuku. Katika vyote vilivyoonekana siku ile, kitu pekee kilichokuwa chetu kabisa ni kuku. Walikuwa sita, wa kienyeji, na Mama Mutanu aliwalea tangu wakiwa vifaranga, akiwafukuzia mwewe kwa kijiti. Mthamini wako alikula mapaja mawili na kipapatio, akaongezwa muthokoi mara mbili, akashukuru. Nimesoma karatasi yake kutoka juu mpaka chini. Kuku hawamo. Ameandika kila kitu ambacho si chetu, na kile kilichokuwa chetu amekila. Kama nyumba ilikuwa na thamani yoyote alipoingia, ilikuwa imepungua alipotoka, na kupungua huko alikuwa amekubeba yeye tumboni. Naomba kukatwe.

7. Sasa nikueleze nyumba yenyewe, na hapa sina wa kumfurahisha.

Ina vyumba vitatu. Matofali tuliyachoma wenyewe, mimi na Mama Mutanu, mwaka ule alipokuwa na mimba ya Mutanu, na chumba cha tatu kilipata mabati Mutanu akiwa darasa la nne. Kila mwaka wazazi wakilipa yunifomu, tuliongeza safu kadhaa za matofali. Mwaka ambao mvua ilikosa hatukuongeza hata moja. Chumba cha kulala hakina mlango, kina pazia, na pazia lenyewe nilishona kwa mabaki ya sketi za shule tatu, ndiyo maana lina rangi tatu. Paa linavuja mahali pawili. Pa kwanza palikuwa juu ya meza, tukaihamisha meza. Pa pili ni mahali tulipoihamishia.

Ukuta wa jikoni una mistari ya chaki yangu ya kazi. Hapo ndipo nilipokuwa nikimsimamisha Mutanu kila Januari nimpime yunifomu, na kila mwaka niliacha mstari. Wa chini unafika gotini kwangu. Wa mwisho umepita bega langu, na siku niliyouchora alicheka akasema nimekuwa mfupi. Mistari ikififia huwa naichora upya. Siku tulipopewa ile rangi ya kanisa, Kaluki alitaka kumalizia mabaki kwenye ukuta huo nikamnyang'anya brashi, tukakosana mpaka jioni. Nyumba ikibaki na sisi wawili tu, ukuta huo ndio nitakaokuwa nikiongea nao. Lakini kwa mambo ya kodi hauna thamani yoyote, Mheshimiwa. Tafadhali uandikwe sufuri.

8. Mwisho nakusihi uangalie mbali zaidi ya ploti yangu. Ukiacha uthamini huu usimame, habari itaenea mpaka Matiliku. Watu watajua kwamba ukiazima tanki siku ya ntheo unalipia kodi yake mwaka mzima. Ndunge ataficha tanki. Kinyozi atateremsha sola. Wakwe wakija watakuta nyumba vile zilivyo siku za kawaida, nao, kwa sababu ni binadamu, watarudi na mbuzi wao. Vijana watatorokea Nairobi wakaoane huko bila ntheo, na watoto wao watazaliwa huko, na watavaa yunifomu za huko. Shule zetu zitafungwa. Soko litafuata. Vichaka vitarudi, na ndovu wa upande wa Tsavo, ambao hata sasa wanahitaji sababu ndogo tu, watakuja kukaa hapa. Ndovu hawalipi kodi ya majengo. Hapo wewe utakuwa mwenyekiti wa kamati bila mtu wa kukukatia rufaa, na nisingependa ufike hapo.

Kwa hiyo naomba nyumba yangu irudishwe mahali pake, karibu na wauza mboga. Kama haiwezekani, basi nitozwe kodi ya Jumamosi moja, kwa maana fahari hiyo niliimiliki Jumamosi moja tu, tena mpaka saa kumi na moja jioni, wakati Kaluki alipoanza kufungua waya wa geti wageni wakiwa bado wanapunga mikono. Au kodi igawanywe kwa wenyewe: tanki kwa chama, viti kwa kanisa, vyumba vinne kwa Kanyiva pamoja na sukari yake, na mlima wa Kilungu kwa yeyote mtakayempata nao. Njia nyingine ni mthamini arudi Jumanne yoyote mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha, aketi mezani. Hatahitaji tableti. Atahitaji mwavuli.

Lakini lolote mtakaloamua, narudia tena, lisifike Yaluma. Mimi naweza kuishi na kodi, na naweza kuishi na kuchekwa, nimezoea vyote viwili. Siwezi kuishi na Mutanu kurudishwa nyumbani kwa sababu babake aliazima geti.

Nisalimie wanakamati wote, na karani wa mlangoni ambaye kaptura za watoto wake ziko tayari. Msalimie pia mthamini. Hatuna kinyongo naye. Alikula vizuri, na alibisha hodi mahali ambapo hakukuwa na ua. Mama Mutanu anawasalimu, Kaluki anawasalimu, na Gabow, ambaye ameketi hapa dukani mwangu nikiandika na hataki kusema neno lolote juu ya mambo haya, naye anawasalimu.

Wako katika ujenzi wa mji, kwa kiasi cha vyumba vitatu,

Ndeti Mwau.

Tanbihi

Mheshimiwa, naandika haya nikiwa nimesimama kwenye dirisha la ofisi yenu, kwa kalamu ya karani.

Nilimpa barua, akaipiga muhuri, akaipa nambari. Ndipo akaniambia kwamba kwa sheria kila rufaa hubandikwa ubaoni siku ishirini na moja, ili mwananchi yeyote mwenye pingamizi aisome. Nilimwomba anirudishie, akasema kilichopigwa muhuri hakirudi, ila naweza kuongeza maneno mwishoni. Pia akasema rufaa ikiondolewa na mwenyewe haibandikwi. Huwekwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulipotea.

Nikaenda ubaoni nione waliobandikwa wametendewa vipi. Kulikuwa na barua moja tu, imebandikwa asubuhi hii. Mwandishi wake ni Kilonzo wa Yaluma.

Ameandika kwamba nyumba yake ina vyumba viwili. Ameandika kwamba pikapu iliyokuwa uani iliazimwa, na haikuwa na injini. Ameandika kwamba fahali mwekundu ni wa mtu aitwaye Gabow, aliyemwazimisha kwa siku tatu na kuahidi kunyamaza. Anasema mthamini alifika siku ile wazazi wa msichana walipokuja kuona boma, naye na mkewe wakamdhania ni mtu wa upande wa msichana, wakamuonyesha kila kitu. Na mwisho ameomba barua yake ifichwe. Ameandika: "Wazazi wa huyu msichana ni watu wa heshima. Nilikwenda kwao nikaona kwamba kama wamepungukiwa na ng'ombe, hawajapungukiwa na adabu. Sitaki wasikie binti yao anakuja mahali pa shida."

Nilisoma hapo mara nyingi. Kumbe alimjua yule fahali. Alimkuna kichwa, akanisifu, akaleta mbuzi wake, akaenda zake, na hakuniambia kitu. Nilijaribu kukasirika, kwa sababu nilifikiri ndiyo haki yangu, lakini hasira haikuja. Mtu huyu alimpandisha fahali wa watu mlima wote wa Yaluma ili binti yangu aonekane anaingia nyumba ya maana. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani ninayeweza kufanya ujinga kama huo kwa ajili ya Mutanu.

Kwa hivyo naiondoa rufaa yangu. Nyumba yangu ina vyumba saba. Tanki ni langu na limejaa. Shamba linafika Kilungu. Mkitaka kuongeza daraja, ongezeni, ila ule ukuta wa jikoni ubaki sufuri. Kanyiva amepita hapa dirishani sasa hivi, na aliposikia, amesema atachangia nusu ya kodi kila mwaka kwa sababu ujirani ni kuvumiliana, na karani ni shahidi. Kwa mpango huo cherehani inabaki.

Rufaa ya Kilonzo naomba uikubali yote bila kuuliza, kwa maana huko ndiko Mutanu atakakoishi. Ikiwa utaitafuta ubaoni usiione, iko chini ya tangazo la chanjo ya mbuzi. Nimelihamisha mimi, kwa pini nne.

Na mwambie yule kijana wa tai harusi ni Jumamosi ya pili ya Desemba. Tableti aiache nyumbani. Fahali atakuwepo, kama kawaida. Kuku watakuwa wetu.

N.M.